Mtani Wangu Ameacha Vidonge kwa Ajili Yangu

Mpendwa Bi. Joha, shikamoo. Naomba msaada wako, lakini kabla ya msaada nataka ujue unaandikiwa na mtu mwenye bahati, siyo bahati ya kuokota, bahati ya kuzaliwa nayo. Nina miaka arobaini na sita, nimekuwa utingo wa malori nikafika Lusaka, Lubumbashi na Bujumbura, nimekula vya kila nchi na tumbo halijawahi kunisumbua hata siku moja, na mwezi wa nne mwaka huu manesi walipokuja kupima watu bure mbele ya soko hapa Dodoma mjini, nesi alinipima presha na sukari akaniambia, baba, mwili wako ni wa kijana wa miaka ishirini, endelea hivyo hivyo. Soko zima wanajua. Hata wewe ungekuwa huku ungeshajua, maana sikuacha mtu.

Jina langu ni Meshack Matonya, Mgogo wa Haneti, darasa la tano nililimaliza nusu lakini dunia nimeisoma yote. Nina duka, na tangu waruhusu bidhaa za nje mimi ndiye wa kwanza mtaani kwetu kuweka soda za kopo, siagi ya kopo, biskuti zenye krimu katikati na ile juisi ya unga, unakoroga na maji inakuwa ya machungwa na chungwa lenyewe halijapita hata karibu. Na mimi siuzi kitu nisichokula. Asubuhi mkate mweupe na siagi, chai vijiko vitano vya sukari, mchana chipsi mayai, soda sita kwa siku, nane kama kuna jua, na Dodoma ni lini hakuna jua. Uwele na mlenda nilivipiga marufuku nyumbani kwangu. Mke wangu Emiliana akitaka mlenda anakwenda kuula kwa dada yake kwa kujificha, kama mtu anayekwenda kuvuta bangi. Usinifikirie vibaya, wewe labda si mtu wa huku, hujui tulivyochekwa na huo mlenda. Mgogo akifika popote, Moshi, Mbeya, hata mzigo hajashusha ameshaulizwa, mlenda umetubebea? Nikasema nikipata duka langu kitu hicho hakivuki kizingiti.

Sasa kwenye baraza ya duka langu amekaa fundi cherehani anaitwa Fabian, Mnyamwezi wa Tabora, na huyu ni mtani wangu. Sisi na wao ni watani tangu babu zao wanapita kwetu na mizigo kwenda pwani na babu zetu wanawatoza hongo ya maji. Miaka kumi na moja tunataniana bila likizo. Yeye ananiambia, "Mgogo, suruali hiyo nimeipanua kiuno mara tatu, safari hii niletee turubai." Namjibu, "Babu yako alibeba meno ya tembo, wewe unabeba sindano, ukoo umeisha huo." Watu wanakuja kukaa hapo wasikilize kama redio. Alipofiwa na mama yake mimi ndiye niliyelala mlangoni mbele ya jeneza nikasema halitoki mpaka nipewe kuku, ndiyo kazi ya mtani hiyo, na waliokuwa wanalia wakacheka.

Fabian ana ugonjwa wa sukari, huu mwaka wa tatu. Hospitali walimpa vidonge na wakampa masharti, ugali wa uwele au wa dona, tena wa kiasi, siyo kichuguu, mlenda, mchicha, kunde, karanga kiganja kimoja, soda asiguse, na atembee kila siku. Naye alikuwa anafuata. Mke wake Anjelina akimletea chakula pale barazani, ugali wa kijivu na mlenda, mimi nakaa na kopo langu namwambia, "Yaani Mnyamwezi mzima umeshindwa maisha mpaka unakula chakula nilichokikimbia mimi." Anacheka, anakula. Na alikuwa amenawiri, Bi. Joha, hilo lazima niseme, alikuwa anakwenda na kurudi kwa miguu kutoka kwake, anashona mpaka jioni na hasinzii.

Basi nilipotoka kwa nesi nikamwambia matokeo yangu. Akaweka mkasi chini.

"Kweli hiyo, Matonya, au utani?"

"Haki ya Mungu. Kijana wa miaka ishirini."

"Na soda zote hizo unazokunywa?"

Nikamwambia, "Soda ndiyo inayosafisha damu."

Bi. Joha, sijui neno hilo nililitoa wapi. Lilitoka lenyewe, na lilipotoka nililiona tamu.

Kesho yake akaniomba soda moja. Nikampa nikijua ni furaha ya siku moja. Ikawa mbili, ikawa nne. Anjelina akileta ugali wa uwele, anawagawia mafundi wenzake, anavuka barabara kula chipsi. Vidonge akavitupia kwenye droo ya cherehani pamoja na vifungo, akasema madaktari wanataka kumfanya mgonjwa wa maisha, mbona Matonya. Hilo ndilo likawa jibu lake kwa kila mtu. Mke akimwambia kitu, mbona Matonya. Mchungaji akimwambia kitu, mbona Matonya. Akaanza kukonda, akawa anakunywa maji kama ngamia na kila saa yuko chooni, na mimi nikamtania kwamba sasa amekuwa bomba la halmashauri, na yeye akacheka, na mimi nikacheka.

Jumanne ya wiki iliyopita, saa nne asubuhi, nikasikia cherehani imenyamaza katikati ya kazi. Nikapaza sauti kule kule ndani, "Mnyamwezi, usilale, nguo za watu hizo." Nikatoka nikamkuta amelalia kitambaa, sindano imebaki ndani ya sketi ya mwalimu mmoja, midomo imekauka kama udongo wa bwawa lililokufa, anahema kama amekimbizwa na pumzi yake inanuka matunda yaliyoiva kupita kiasi. Mimi nimeona malori yakipinduka, nimeokota watu barabarani kwa mikono hii, lakini siku ile niliita watu kwa kupiga kelele kama mtoto. Tulimbeba kwenye pikapu ya muuza mkaa, mimi nimekipakata kichwa chake njia nzima na nguo yangu nyeupe ikawa nyeusi.

Alifumbua macho siku ya tatu. Nikasema afadhali, sasa atakuwa amejifunza. Anjelina akaja dukani akaniambia hapana, anakataa sindano, anakataa uji wa uwele, anasema ameanguka kwa sababu mwili ulikuwa haujaizoea soda, mbona Matonya. Nikakimbilia hospitali. Nikakaa pembeni ya kitanda nikamwambia, "Fabian, ndugu yangu, kubali sindano, kula mlenda. Mimi mwenyewe naumwa."

Akafumbua jicho moja. Akasema, "Leo Mgogo anauza mlenda. Soda zimekudodea?"

Wodi nzima ikacheka. Nikaapa. Akacheka mpaka akakohoa, maana siku zote nikitaka kumdanganya naanza kwa kuapa, na yeye anajua. Mgonjwa wa kitanda cha jirani akaniambia, "Mzee, wewe ungekuja kila siku, tungepona." Nililia, Bi. Joha, machozi kabisa, na Fabian akawaambia wenzake, mwangalieni, hata msibani kwa mama yangu alilia hivi hivi akitaka kuku.

Miaka kumi na moja sijamwambia mtu yule neno la kweli, na leo ninalo moja tu, na haliingii.

Anjelina alinisindikiza mpaka getini. Hakunilaumu. Aliniambia, "Shemeji, daktari amesema akianguka tena hainuki. Mimi nimeshasema mpaka sauti imekwisha. Anakusikiliza wewe." Sasa ananisikiliza nikisema uongo tu, nifanyeje? Nimefunga duka siku mbili. Emiliana ananiuliza una nini, namwambia ni malaria.

Na kuna jambo lingine, niliandike kabla sijabadili mawazo. Yule nesi hakuniambia nina mwili wa kijana. Alinipeleka nyuma ya pazia la khanga, akachovya kijikaratasi chake kwenye mkojo wangu, kikageuka rangi mpaka ile ya mwisho kabisa, akanipima presha mara mbili kwa sababu ya kwanza hakuiamini. Akaniambia, baba, una sukari na una presha, kesho asubuhi uje hospitali. Sikwenda. Nilitoka nyuma ya pazia nikadanganya watu.

Meshack Matonya,
Dodoma.

*

Ndugu Meshack, marahaba.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza nikicheka na mara ya pili nikiwa nimeshika mdomo. Nimekaa kwenye ukurasa huu miaka saba. Nimeandikiwa na waliokimbiwa na waume, waliorogwa, waliodhulumiwa viwanja. Sijawahi kuandikiwa na mtu aliyeambiwa anaumwa sana, akaenda kutangaza sokoni kwamba ni mzima, na jirani yake akaumia kwa kumwamini.

Nakuonea huruma, maana naona unampenda huyo Fabian kuliko unavyojua kusema. Lakini lazima nikuchambue. Unauliza umfanyeje yeye, na wewe je? Yeye yupo kitandani, ana daktari, ana nesi, ana Anjelina. Wewe una sukari na presha, huna hata kidonge kimoja, na umejifungia ndani unamwambia mkeo ni malaria. Kati yenu wawili, mgonjwa aliye kwenye hatari asiyeangaliwa na mtu ni nani? Ile kiu ya soda nane siyo jua la Dodoma peke yake, baba.

Tena acha kuuonea haya mlenda. Waliowacheka hawakuwa madaktari. Uwele unasagwa na ganda lake, ukila unakaa tumboni, na sukari yake inaingia kwenye damu polepole. Mlenda, mchicha na kunde vinasaidia kazi hiyo hiyo. Soda inaingia kwa mkupuo, kama lori lililokatika breki, na wewe umewahi kukaa ndani ya malori, unajua mwisho wake. Haisafishi damu. Hakuna kinywaji dukani kwako kinachosafisha damu, na hilo uwaambie wateja. Lakini usije ukatoka hapa ukaanzisha tangazo jipya kwamba mlenda unaponya sukari. Hauponyi. Unasaidia, pamoja na dawa, pamoja na kutembea, pamoja na kipimo cha kila mara. Daktari akisema sindano, ni sindano, na sahani ya mlenda haiingii mahali pake.

Sasa sikiliza la kufanya.

Mwambie Emiliana leo, kabla hamjala chakula kingine. Mwambie yote, pazia, kijikaratasi na uongo. Atakasirika, na ana haki. Mwache amalize. Halafu nendeni naye hospitali pamoja, aisikie hali yako kwa daktari, maana kinywa chako nyumbani hakina tena kazi.

Fabian usimwapie. Usilie, usiseme neno lolote. Mtani hasadikiki kwa maneno, na wewe maneno uliyonayo yote umeshayatumia. Kamwombe nesi wa zamu mapema, mweleze shida yako, mwombe akupime pale pale pembeni ya kitanda cha Fabian, yeye akiangalia. Kijikaratasi kikigeuka rangi, akishike Fabian mwenyewe. Nesi ndiye asome, siyo wewe. Akicheka, acha acheke, wewe nyoosha mkono upimwe na presha. Mtu anaweza kuufanyia mzaha mdomo wa mwenzake siku nzima, lakini mkanda wa presha ukipandishwa mara mbili na nesi akaacha kutabasamu, hata Mnyamwezi ataelewa.

Halafu usiondoke. Emiliana aje na ugali wa uwele na mlenda, na kama daktari ameruhusu, mle wote wawili, wewe ukianza. Fanya hivyo kila mchana mpaka atoke wodini. Sharti lake liwe lako: kiasi kile kile, karanga kiganja kile kile, na soda hakuna kwake wala kwako. Akiruhusiwa kurudi nyumbani na daktari akiwakubalia, tembeeni pamoja kila siku nusu saa, mkitaniana mpaka mchoke, hilo sikukatazi.

Na sokoni urudi. Uliwaambia wangapi? Hujui, na hapo ndipo ninapoogopa. Inawezekana kuna mama muuza nyanya naye ameacha vidonge vyake, na jibu lake ni lile lile la mbona Matonya. Simama pale pale manesi walipokaa, sema sauti ile ile uliyoitumia mwezi wa nne. Watakucheka. Wewe si mtu wa kufa kwa kuchekwa, barua yako nzima ni ushahidi.

Barua hii nimeomba iwekwe mbele ya zilizotangulia, ili uisome Jumamosi. Kama unaisoma asubuhi, usimalizie kurasa za mpira. Liweke gazeti chini, vaa viatu, mwite mkeo.

Bi. Joha