Mtu wa Kunitambulisha

Jumatatu, 3 Machi

Bosi wa chumba cha kufulia katutangazia leo tukiwa na pasi mkononi: kuanzia mwezi ujao hakuna tena bahasha. Mshahara utapitia benki, asiye na akaunti shauri yake. Wenyeji wakaendelea kukunja mashuka ya hoteli kana kwamba hawajasikia. Sisi wageni watatu tukatazamana.

Nimemwambia mume wangu wakati wa kula. Hata kijiko hakuweka chini! Eti mshahara wangu uingie kwenye akaunti yake, nisijisumbue. Akaunti aliyosaidiwa kufungua mwezi uliopita na Bi Mafaili. Mimi nilikuja kujua kadi ikiwa tayari mfukoni.

Bi Mafaili ni mtunza stoo wa gereji anakofanya kazi mume wangu. Mtu wa kwetu, katutangulia huku miaka mingi, na kila karatasi yake iko ndani ya faili la plastiki. Jina hilo nimempa mimi. Mbele yake namwita dada.

Hapana. Nataka akaunti yangu.

Jumatano, 5 Machi

Mapumziko ya mchana yote nimeyamalizia kwenye mabenki. Ya karibu na stesheni, milango inafunguka yenyewe na karani ana tabasamu zuri — ila kibali cha ukaazi lazima kiwe kimebakiza mwaka mzima. Changu kimebakiza miezi saba. Ya ghorofani wanakata ada kila mwezi, hata usipoigusa akaunti. Nikashuka ngazi zao.

Ya tatu ni benki ya ushirika, nyuma ya soko. Hawa hata kibali cha miezi mitatu wanakipokea. Ila wanataka mkataba wa nyumba, na mtu wa kukutambulisha, mteja wao wa zamani. Lazima? nikauliza. Lazima, mama.

Mteja wao wa zamani ninayemjua ni mmoja tu, yule aliyemtambulisha mume wangu hapo hapo. Nikarudi kazini.

Sina wivu. Naandika ninachokiona. Na nilichokiona ni kwamba siku ile ya kwenda benki na Bi Mafaili, mume wangu alivaa shati alilonunua kwa ajili ya harusi ya mdogo wangu. Kwani benki wanakagua mashati?

Alhamisi, 6 Machi

Nimejaribu wengine wote. Mpishi wa hoteli yuko benki ya ghorofani. Mwenye nyumba hapokei simu. Nimesalimu amri.

Nilipomwambia mume wangu tumwombe Bi Mafaili, alifurahi. Alifurahi mno! Akampigia papo hapo. Namba yake anaijua kwa kichwa. Yangu mpaka aitafute kwenye simu.

Jumapili, 9 Machi

Tumekwenda kwa Bi Mafaili. Katupokea vizuri, na hilo ndilo linaloniudhi. Ningepata la kusema kama angenuna.

Chumba kisafi, mafaili yamepangwa kwa rangi. Akazikagua karatasi zangu moja moja. Mpenzi, kaniambia, picha hii masikio hayaonekani, wataikataa. Kweli, hayaonekani. Na mkataba wa nyumba una jina la mume wangu peke yake, kwa hiyo siku ya benki itabidi naye aje athibitishe kwamba naishi naye. Yote anayajua. Kichwa kama kompyuta, nami nimekaa pale kama mtoto aliyerudishwa darasa la kwanza.

Chai ilipoiva, mume wangu aliinuka mwenyewe kuleta vikombe. Kuna makabati mawili. Alifungua la kushoto bila kuuliza, na vikombe vilikuwamo.

Njiani nikamwuliza. Eti wafanyakazi wote wa gereji huwa wanakutana pale. Wote? Wote. Akaongeza mwendo.

Jumanne, 11 Machi

Nilikuwa natafuta nakala ya fomu ya benki ya mume wangu nione wanauliza nini. Nia yangu ilikuwa hiyo tu, Mungu ananiona. Iko kwa lugha ya hapa. Nikaipiga picha simu initafsirie.

Jina la anayekutambulisha: lake, Bi Mafaili. Amemfahamu mwombaji kwa muda gani: miaka sita. Uhusiano wao: mwandani.

Nikafuta, nikapiga tena. Mwandani.

Sisi huku tuna miaka mitatu!

Aliporudi nikamwekea karatasi mezani. Akacheka kwanza, kisha akaacha kucheka. Benki wanataka watu waliofahamiana zaidi ya miaka mitano, kasema, kwa hiyo tukaongeza. Tukaongeza. Sisi hiyo ni nani na nani? Na mwandani je, nalo ni sharti la benki? Eti simu haijui kutafsiri, pale wameandika rafiki tu.

Roho inaniuma, basi. Nimeandika. Nina wivu. Wivu umenikaba.

Ijumaa, 14 Machi

Naandika hapa hapa benki. Kiti cha plastiki, namba yangu ni 47, ubaoni wako 44.

Bi Mafaili kaja na kalamu mbili. Shati la mume wangu ni lile lile. Kakaa katikati yetu, akajaza fomu yangu haraka: kibali, anwani, kazi, miaka sita. Akafika kwenye uhusiano. Tuandikeje, mpenzi? Rafiki?

Nikasema: andika wifi.

Lugha yao haina neno hilo, kasema. Basi andika dada wa mume wangu, nikasema, weka sahihi, karani agonge muhuri. Dada wa mume wangu, wa damu.

Hakunitazama mimi. Alimtazama yeye.

Mume wangu akaona viatu vyake vina kitu. Bi Mafaili akasema taratibu kwamba kwenye ile fomu nyingine aliandika vingine, karani akilinganisha itakuwa taabu. Nikasema hamna taabu, tumwombe karani ailete na ile, tuzirekebishe zote mbili leo.

Bi Mafaili akaomba waongee kidogo na mume wangu, mara moja tu. Wamesimama kule mlangoni. Yeye anaongea, mume wangu anatikisa kichwa, hapana, hapana. Sasa Bi Mafaili kamshika mkono.

Fomu iko mapajani mwangu. Kisanduku cha uhusiano bado kitupu.

Wameita 47.