Wazee Tuliozuiwa Mlangoni mwa Wodi

Gurei, Juba

Kaka Wafula,

Pokea salamu zangu, wewe na wifi. Goti lako linaendeleaje? Mimi ni mzima, na duka langu pale soko la Custom bado nalifungua kila asubuhi. Ila nina hasira, kaka, na sina mwingine wa kumweleza.

Unajua mchana huwa naenda hospitali na jirani yangu Mama Keji, mwenyeji wa hapa aliyewahi kuwa mkimbizi Uganda. Huku mgonjwa hulishwa na kuoshwa na jamaa zake. Asiye na jamaa hulala tu. Hao ndio tunaowahudumia sisi wazee wa kanisa, bila malipo, nao hutuita haboba, yaani bibi.

Sasa amekuja msimamizi mpya wa hospitali, rika la kitindamimba wangu. Alitusimamisha mlangoni akasema tumezeeka, twende tukapumzike, kazi atawapa vijana. Tukamwachia. Vijana wenyewe walikuja mara moja, wakapigwa picha, wakapotea.

Baadaye nesi mmoja akatuita kwa siri. Tulimkuta Okello, mwendesha bodaboda kutoka Gulu, Uganda, aliyevunjika miguu yote miwili, amelalia uchafu wake, mgongo umechubuka vibaya. Alipotuona aligeukia ukuta kwa aibu. Eti aibu aone yeye! Mama Keji alimwosha huku akilia. Mimi machozi yalikataa. Tulipomaliza nilibeba lile beseni la maji machafu, nikaenda kuketi sakafuni mbele ya ofisi ya msimamizi.

Alitoka, akaniuliza kwa upole, "Mama, mkianguka humu ndani, nani atalaumiwa?"

Nikamwambia, "Okello ameshaanguka. Nani amelaumiwa?"

Aliyatazama yale maji, akarudi ndani, akafunga mlango.

Kesho yake askari wa getini alitupisha bila neno. Hakuna aliyetuomba radhi, na hasira yangu haijaisha. Lakini Okello sasa anaketi, na jana alikula uji akaomba tena.

Kwa hiyo kile chumba unachosema umenijengea nije nipumzike, mpe mwanao alale.

Nisalimie watoto wote, na mchungaji. Na mjane wa marehemu kaka yetu, mwambie akisikia zahanati yenu ina mgonjwa asiye na mtu, aende akae naye. Akiambiwa amezeeka, aketi hapo hapo.

Ni mimi dada yako,
Nekesa