Namba Saba Nimeiacha Wazi

Baba Nakijwa,

Shikamoo. Nimeliandika kwa mazoea, kisha nikakaa nikilitazama. Leo sina hakika kama limetoka moyoni.

Tulikuzika kijijini Mamba, nyuma ya nyumba, mvua ikinyesha. Baada ya mazishi mpagazi wako Senzota alituchekesha. Alisema safari yenu ya mwisho mlimani ulishinda kibandani unakohoa, blanketi kichwani kama bibi harusi, na yeye kazi yake ikawa kukupikia uji. "Barafu tuliiangalia kwa mbali tu, kama watalii walioishiwa." Watu wakacheka. Nami nikacheka. Nilidhani anatia chumvi.

Kisha Mama Nakijwa akanipa mkoba wako niurudishe ofisini Same. Ndani ya daftari la vipimo nikakuta karatasi yangu, imekunjwa mara nne.

Unakumbuka siku uliyomwaga uji kwenye sinia ukaliinamisha? Penye mteremko mkali ukawa mwembamba, penye tambarare ukatuama. "Barafu nayo ni hivyo hivyo, ila haina haraka." Kwa maneno hayo niliielewa modeli yetu kuliko kwa miaka mitatu ya chuo. Kompyuta inapewa mteremko wa juu, inakisia unene ambao hakuna anayeuona. Halafu wewe unapanda Kilimanjaro na mashine ya mvuke, unatoboa mahali kumi, tunalinganisha.

Karatasi ile ilikuwa makisio yangu ya kwanza, na ilikuwa na kosa. Mahali namba saba niliandika mteremko wa nyuzi nne badala ya ishirini na nne, kompyuta ikatoa barafu nene kuliko kote. Nililigundua ukiwa umeshaondoka nayo, safari hiyo ya mwisho. Nikarekebisha, namba saba ikawa nyembamba.

Uliporudi, vipimo vyako tisa vilikaribiana na makisio yangu, nikajisifu kimoyomoyo. Cha saba kilisema nene. Nilipokuuliza ulicheka. "Karani, kompyuta haijapanda mlima. Daftari limepanda."

Nikaamini. Wiki tatu niliipinda modeli ikubaliane na daftari lako, mpaka barafu yote ya upande ule ikanenepa. Ulikuwa ukiniletea mahindi ya kuchemsha mezani. Ulikaa kwenye kiti cha pembeni, ukanitazama nikihangaika.

Jana niliweka karatasi kando ya daftari. Zile namba tisa umeziongeza kidogo hapa, umezipunguza kidogo pale. Ya saba hukuigusa. Kosa langu liko pale, hadi desimali yake, kwa mwandiko wako. Na mpira wa ile mashine, ule unaozama kwenye barafu, niliuwekea alama mimi mwenyewe kwa rangi ya kucha, kila nusu mita tu. Desimali uliisoma wapi?

Ungesema tu kifua kilikushinda. Ningeandika "hapakupimwa". Neno moja, Baba Nakijwa. Hakuna ambaye angekucheka, mimi hasa.

Sasa ripoti imeshatoka, jina langu chini ya lako. Jumatatu wanakuja wageni wanaotaka kutoboa barafu hadi chini, na mkuu wetu ameizungushia namba saba duara kwenye ramani. Ninaogopa. Mkataba wangu bado ni wa muda, na kwenye kompyuta nilikuwa mimi. Marehemu haulizwi. Nikinyamaza watabeba mitambo hadi mahali penye ganda tu la barafu. Nikisema, wengine watasikia karani anamsingizia mtu aliyezikwa juzi.

Hata hivyo nitasema. Kesho Jumapili nitapanda Mamba, nimwambie kwanza Mama Nakijwa baada ya ibada, asije akalisikia sokoni. Jumatatu nitampelekea mkuu daftari na karatasi pamoja, na kosa langu la mteremko nitalitaja kabla ya lako.

Asubuhi nikisubiri gari Lembeni mlima huwa wazi, na mimi siku hizi natazama chini. Nimeomba safari ijayo nipande mwenyewe. Senzota amesema atanibebea mashine, ila uji nijipikie.

Kwa heri, Baba Nakijwa. Bado nakulilia, na hilo linaniudhi zaidi. Kwenye jedwali nimeifuta namba saba. Nakuahidi sitaijaza mpaka nimeona mwenyewe alama ya mwisho ya rangi ya kucha ikizama, na mpira umegoma kwenye mwamba.

Karani wako