Saa Tatu ya Dereva

Shangazi yangu mpenzi,

Pole kwa mguu. Hapa nyumbani sote wazima. Picha yako bado iko ofisini kwa mwalimu mkuu, "Mwanamke wetu wa kwanza kurusha helikopta", na wenzangu wanabishana kama ungelivuka jangwa lote. Mimi hupita nimeinamisha kichwa.

Dereva wa lori la mafuta, yule aliyepaswa kukujazia mafuta jangwani, yuko mahabusu. Baba anasema aliwatelekeza, wewe na fundi wako, Mungu amrehemu. Juzi mkewe alikuja kwetu.

"Mume wangu ana kasoro zake," alisema, "lakini saa anazijua. Alisema saa tatu, na saa tatu alikuwepo. Akangoja mpaka adhuhuri."

Baba akaguna. "Dada yangu alitua saa tisa, hakukuta hata pipa moja!"

Nilimpa yule mama maji, nikakimbilia jikoni.

Shangazi, simu ya dereva niliipokea mimi. Alisema saa tatu asubuhi. Nikakutumia ujumbe kwa Kiingereza, kama ulivyonizoesha, nikaandika 3 tu, bila asubuhi wala alasiri. Saa tatu yetu kwa Kiingereza ni 9. Najua hilo tangu darasa la kwanza. Wewe ukatua saa tisa, ukakuta patupu, ukaendelea na mafuta yasiyotosha, helikopta ikaanguka.

Kesi ni Jumatatu. Unanijua, hata kuitikia "nipo" darasani hunishinda. Nitakwenda kusema mbele ya hakimu, lakini nimetaka ulisikie kwangu kwanza. Kama huwezi kunijibu, usinijibu.

Mimi, mtoto wa kaka yako