Buti Lisilofunguka

Shoga, usicheke. Lile gari la zamani ninalolililia tangu tuko shule nimelinunua leo, na hata nyumbani halijafika. Limenizimikia katikati ya njia panda, moshi umetanda, watu wananipigia honi kama nimewaibia.

Si nilikwenda na fundi wangu alikague? Yule yule anayeniita dada! Kalizunguka, kagongagonga, kasema, "Dada, hiki chuma. Chukua, fumba macho."

Buti tu ndilo halikufunguka. Muuzaji akaapa limekwama mwaka mzima. Fundi wangu akawa anaangalia mawingu.

Sasa nampigia, nusu nalia. Unajua kaniambia nini?

"Tulia, dada. Lipige buti ngumi upande wa kushoto, litafunguka. Ndani kuna dumu la maji."

Upande wa KUSHOTO, shoga! Kajuaje?

Nimelipiga. Limefunguka. Dumu lipo, na juu yake ovaroli yake, ile yenye kiraka nilichomshonea kwa mkono wangu huu. Kikulacho ki nguoni mwako!

Yuko njiani. Anadhani anakuja kutengeneza gari.