Tomati za Charlotte zilizoungua

Jumamosi. Toka asubuhi mawingu yamejaa upande wa gare, stesheni ya treni, meusi, mazito, na hakuna tone lililoanguka. Joto limeganda ndani ya nyumba. Mama amelala kwenye kochi, kitambaa cha kichwa kimemteremkia mpaka kwenye nyusi. Mimi nimekaa mezani na simu yangu. Ninaandika kwa sababu nisipoandika nitalia tena, na leo nimeshalia vya kutosha.

Kwa wale wasiomjua, mama yangu ni Mama Alphonsine. Baba alifanya kazi kwenye reli mpaka alipofariki. Mama alifundisha shule ya msingi, kama ninavyofundisha mimi sasa. Lakini hapa mtaani hawamjui kwa ualimu, wanamjua kwa bustani. Parseli yetu, kiwanja chetu, si kubwa, na mchanga wake ni huu huu mwekundu wa hapa Kamina unaokunywa maji na kuomba mengine, lakini sikumbuki kiangazi ambacho tulikosa lengalenga, mchicha wetu, na vitunguu na tomati nyuma ya nyumba.

Kila Jumamosi akina mama wa kanisani wanaopenda kulima hukutana kwenye bustani ya mmoja wao. Wanapeana mbegu, wanalalamikia wadudu, wanacheka. Na kila mmoja ana swali la kumuuliza mama. Mchwa wamekula mizizi, nifanye nini? Majani ya kabichi yametobolewa, niweke majivu lini? Yeye hujibu polepole, kidole juu, kama bado yuko mbele ya darasa la tatu.

Alhamisi nilirudi kutoka shuleni nikamkuta maman Charlotte amesimama mlangoni kwetu, hataki kuingia. Ni mke wa kijana wa reli aliyehamishwa huku kutoka Bukama. Kwao waliuza samaki, jembe hakuwahi kulishika. Tangu afike Kamina amejiunga na kundi letu, na mwaka huu alipanda tomati zake za kwanza. Alitaka kupeleka kikapu kanisani siku ya mavuno. Kila mtu alikijua hicho kikapu, alikuwa amekisimulia sana.

Mkononi alishika mche mmoja uliong'olewa mzima. Majani yake yalikuwa ya kahawia, yamejikunja kama karatasi iliyopitishwa karibu na moto.

"Yaya Odette, siyue nilifanya mubaya gani," alisema. Yaya kwetu ni dada mkubwa. "Nilifanya vile mama yako aliniambia."

"Alikuambia nini?"

"Mavi ya kuku. Alisema nitoe mu nyumba ya kuku, ingali ya moto, niweke karibu na mizizi. Mingi. Alisema kama haiko mingi haitumike."

Nilimwambia hapana, hukusikia vizuri. Nilimwambia hivyo kabla hata hajafunga mdomo. Kwa sababu hiyo ndiyo kanuni ya kwanza ya mama, ile aliyotufundisha kabla hatujajua kusoma: mavi ya kuku mabichi yanachoma. Yarundike kando, yafunike na nyasi, yaloweshe, yageuze, uyaache mpaka mkono wako ukiingia ndani usisikie joto na pua yako isisikie harufu. Utotoni alikuwa akinishika mkono na kuuingiza kwenye rundo. Bado, aliniambia. Bado. Sasa ndiyo.

Charlotte hakubishana. Alianza kulia, kimya kimya, akiomba msamaha kana kwamba yeye ndiye aliyekosa. Afadhali angenitukana.

Jana nilikwenda kwa Mama Bernadette, rafiki wa mama wa miaka mingi, nikitaka aniambie kwamba Charlotte amechanganya maneno. Alikuwa amekaa uani akichambua lengalenga. Hakuinua kichwa.

"Umekuja juu ya mama yako," alisema.

Nikakaa chini.

"Odette, siye bote tunajua. Tunajua toka kiangazi. Aliniambia nikate vitunguu majani yote ili vikue. Mwenzangu alimwambia apande karoti mu kivuli. Tulikuwa tunamuuliza, tunasikiliza, tunasema aksanti. Kisha tunarudi kwetu tunafanya vile alitufundisha zamani."

"Sasa juu ya nini munaendelea kumuuliza?"

Hapo ndipo aliponiangalia. "Ulitaka tufanye nini? Tupite mbele ya mulango yake bila kumuuliza kitu? Angejua siku ile ile." Akarudi kwenye majani yake. "Kwa Charlotte tulikosa. Iko mugeni, hakuna mwenye alimwambia."

Nilimuuliza kwa nini na mimi hawakuniambia.

"Munalala nyumba moja. Tuliwaza unajua."

Munalala nyumba moja.

Nilitembea nikirudi nyumbani na maneno hayo. Kweli tunalala nyumba moja. Nimemwona akitia chumvi mara mbili. Nimemsikia akiniita kwa jina la dada yake aliyebaki Kabongo. Nimemkuta amekaa bustanini na jembe juu ya magoti, anaangalia matuta kama mtu aliyeshuka kwenye treni mahali pasipo pake. Kila mara nilijiambia ni uchovu, ni uzee, ni jua. Wanawake wa nje waliona kabla yangu kwamba mama yangu anaondoka kidogo kidogo, wakamfunika vizuri asipate baridi, na mimi nikawa ninauliza kwa nini mboga zina chumvi.

Leo ilikuwa zamu ya kukutana kwa Charlotte. Sikutaka mama aende. Lakini asubuhi nilimkuta amekwisha kuvaa, kitambaa kimefungwa vizuri, amesimama mlangoni ananingojea kama mwalimu anayechukia kuchelewa. Tukaenda.

Tulipoingia wote waligeuka kutuangalia. Mama hakungoja kukaribishwa. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye tomati, akainama kwa shida, akakamata jani. Aliligeuza. Alifukua kidogo, akanusa mchanga kwenye vidole. Mikono yake ilikuwa mikono ile ile.

"Odette, kuja uone. Pembeni ya jani imekauka, katikati ingali kijani. Hii haiko ugonjwa. Njo mavi ya kuku, mabichi." Akajinyoosha, akamgeukia Charlotte. "Nani alikuambia uweke hii?"

Bernadette aligeukia uzio. Charlotte aliniangalia mimi.

"Ni mama moja wa ku soko," Charlotte alisema. "Simujue jina yake."

"Usimusikilize tena. Muntu wa vile anaharibishia bantu kazi."

"Ndiyo, mama."

Kisha mama akafundisha. Ondoa mbolea yote, polepole, kwa mkono, jembe litakata mizizi. Mwagia maji mengi chini, kwenye shina, usiloweshe majani, uache yashuke, umwagie tena. Kata majani yaliyoungua. Ng'oa mche mmoja uangalie mizizi: ikiwa bado myeupe, wenzake wasimamishie kivuli cha nyasi, watapona. Ikiwa ya kahawia, usipoteze nguvu, sia mbegu nyingine leo hii kwa sababu mvua iko karibu. Aliongea muda mrefu na kila neno lilikuwa sawa. Charlotte alipiga magoti akafanya kila kitu kama alivyoambiwa, machozi yakimdondoka kwenye mchanga, na mama, akidhani analilia tomati, alimpigapiga begani. Mizizi ilikuwa myeupe. Si yote, lakini mingi. Wanawake walipiga vigelegele kidogo.

Nikaanza kuamini. Niseme ukweli, nilianza kupanga maneno ya kumwambia Bernadette, kwamba mmemzika mtu angali hai.

Wakati wa kuagana mama alishika mkono wa Charlotte kati ya mikono yake miwili.

"Na ukimaliza, mwana, uweke mavi ya kuku. Ingali ya moto. Uweke mingi."

Charlotte alisema "aksanti, mama," lakini sauti ilikatika, na mama akaona. Aliangalia uso wa Charlotte, akaangalia wa Bernadette, akaangalia wangu. Amefundisha watoto miaka yote, anajua nyuso za watu wanaomficha kitu.

Tulirudi kwa miguu. Alinishika mkono mpaka tulipovuka reli, kisha akauliza.

"Odette. Ule mama wa ku soko. Njo minyi?" Alitaka kujua kama ndiye yeye.

Ningeweza kusema hapana. Uongo ulikuwa tayari mdomoni, Charlotte alikuwa amenitengenezea. Lakini aliuliza kwa sauti safi kabisa, sauti ya mama yangu, na niliogopa kwamba huenda sitaisikia tena, na nikaona aibu kuijibu kwa uongo.

"Njo weye, mama."

Akaitikia kwa kichwa.

"Bernadette anajua?"

"Bote banajua."

Alitembea kidogo. "Balikuwa bananiuliza kwa huruma tu," alisema, na hapo alilia, mama yangu ambaye sikumwona akilia hata siku ya kumzika baba. Katikati ya njia, watu wanapita na baiskeli zao. Nilimkumbatia. Ni mdogo sasa. Sijui alianza lini kuwa mdogo.

Alipomaliza alijipangusa na ncha ya kikwembe alichojifunga kiunoni. "Basi. Ubaambie basikuje tena kuniuliza. Sitaki kuua shamba ya muntu." Kisha akasema, "Wafwako," asante yetu ya Kiluba, kwa kuwa nilimwambia. Alinishukuru.

Tulipofika alilala.

Nilikuwa nimeandika mpaka hapo, na nilitaka kumalizia kwa kusema kwamba nitafanya alivyoniagiza. Nitawaambia wasije. Ni ombi lake, na aliliomba akiwa na akili yake yote.

Lakini ameamka sasa hivi. Ameketi, amefunga kitambaa upya, ameangalia mlango.

"Leo iko Jumamosi?"

"Ndiyo, mama."

"Na Bernadette hajakuja? Alikuwa na kitu ya kuniuliza juu ya vitunguu." Anatabasamu. Uso wake umepumzika kabisa, hakuna njia, hakuna reli, hakuna tomati. "Ule Bernadette, bila minyi hawezi kulima."

Mama yupi nimtii? Yule aliyelia njiani akaniomba nimwondolee aibu, au huyu aliyekaa kwenye kochi anangoja kuulizwa?

Siwezi kumwambia tena. Habari ile ataisikia kama mpya kila mara, na kila mara itamvunja upya. Mara moja inatosha. Nimeibeba mimi.

Nimemwandikia Bernadette: njoo kesho baada ya ibada, umuulize juu ya vitunguu. Charlotte aje pia, lakini kwanza mweleze kila kitu. Mimi nitakaa karibu.

Amejibu neno moja tu: tutakuja.

Mama ameniuliza ninaandika nini. Nimemwambia ni kazi ya shule. Ameniambia nikae wima, mgongo utaniuma. Nimekaa wima.