Mbolezi ya Hilali

Mpendwa dada yangu Wajida,

Pokea salamu zangu nyingi huko Aleksandria. Magoti yako yamepoa? Na shemeji, kifua kimemwachia? Sisi huku kijijini hatujambo, ila joto limetuzidi, unga unaumuka kabla hatujamaliza kuukanda.

Ninayo habari ya jirani yetu Mama Atiyat. Tangu mwanawe Hilali apande boti ile ya kwenda Italia, ambayo haikufika, pamoja na mwanao Fikri, miaka miwili sasa, alikataa katakata kuvaa nyeusi. Kila mchana alimwekea sahani yake ya mchuzi wa mulukhiya. Wazee walipochoka walinijia, wakasema mimi ndiye ninayewasemea wafu wao, basi nimtungie mbolezi, labda akimsikia mwanawe mwenyewe atakubali. Nilikataa. Nitamsemeaje mtu ambaye maiti yake hakuna aliyeiona? Mwishowe nikakubali, na kosa ni langu.

Alhamisi iliyopita nikaketi uani kwake na wanawake wenzetu, nikaanza kwa ulimi wa Hilali: “Mama, kunja kitanda changu, maji yamenifunika.” Mama Atiyat akanitazama, macho makavu. “Nabawiya, umezeeka wewe. Huyo si mwanangu. Hilali hajaniamuru kitu tangu azaliwe, alikuwa ananibembeleza.” Wanawake wakacheka chinichini, nami nikaona haya. Nikabadilisha. Akanikosoa tena, kwamba hakumwita mama, alimwita bibi harusi kwa kumchokoza. Na maji asingeyataja kabisa, angesema kuna baridi kidogo, ili mama yake asiogope.

Akaendelea hivyo mstari kwa mstari, hadi yeye akawa anatunga peke yake: “Bibi harusi, nionee huruma, kunja kitanda. Huku kuna baridi kidogo tu.” Hapo ndipo alipoyasikia maneno yake mwenyewe. Akainuka, akaitoa sahani ya Hilali, akaiosha, akaifunika juu ya rafu. Tangu Alhamisi ile hali wala hasemi. Jana tulimvika nyeusi, akainua mikono kama mtoto anayevishwa.

Dada, nisamehe kwa haya yanayofuata. Najua hujaiacha simu yako izimike hata siku moja. Lakini nilipokuwa narudi nyumbani kutoka kwa Mama Atiyat, mistari ya Fikri ilinijia, na sikuiita. Anataja sweta uliyomfumia, jinsi ilivyokuwa nzito ilipolowa. Sijamwimbia mtu. Usipoitaka, nitakufa nayo.

Imebaki sehemu moja tu, mwanzoni kabisa, pale anapokuita. Mbele yetu alikuita mama, kama watoto wote. Mkiwa wawili tu, alikuwa anakuitaje?

Nisalimie shemeji na wote wanaoniulizia. Nijibu utakapoweza.

Ni mimi mdogo wako,
Nabawiya